Tembe la Ndege, Mwankoko

Wasikilizaji wapendwa, mlioketi karibu na redio, na ninyi mlioketi karibu na jirani mwenye redio, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Manase wa Mwankoko, Singida, aliyefariki mwezi uliopita. Manase, mlinzi wa ndege. Ndege ya vita, yenye injini na mabawa ya nguo. Wafuga kuku msisogee.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, ndege hiyo ilitua Mwankoko ikiwa mbovu, haikuruka tena. Bwana mmoja wa jeshi akamwambia Manase ailinde mpaka ipelekwe Dar es Salaam, katika jumba la makumbusho, watu waitazame. Kando yake, akasema, yataandikwa majina ya askari wa Singida waliofia Burma.

Shikeni hapo. Majina. Fabiano, mtoto pekee wa Manase, alifia Burma. Hakurudishwa. Hana kaburi. Kwa Manase, ndege ikiharibika, jina la Fabiano halina pa kuandikwa.

Basi akaizungushia miiba kama zizi. Mbuzi wakapenya, wakatafuna mkia. Laurenti, shemeji yake, mtu wa mdomo, akamuuliza, "Shemeji, huyu mnyama wako atazaa lini?"

Manase hakucheka. Jua lilikuwa linapasua mabawa. Kila alipokwenda bomani kuuliza, aliambiwa asubiri.

Akafanya anachofanya Mnyaturu kwa kitu asichotaka kinyeshewe: akaijengea tembe. Kuta za miti na udongo, paa la udongo. Sasa, tembe linataka nguzo katikati. Laurenti akachungulia ndani.

"Shemeji, katikati mbona hamna nguzo?"

"Katikati kuna ndege."

"Na paa litashikwa na nani?"

"Na Mungu."

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Udongo wa paa ukanywa maji, ukawa mzito. Asubuhi moja paa likaanguka lote juu ya ndege.

Mkewe, Bi Elina, ametusimulia hivi: "Nilimkuta anafukua kwa mikono, kucha zinatoka damu. Anaita Fabiano. Nikamwambia, baba Fabiano, humo hamna mtu. Akasema, nisaidie kufukua. Nikapiga magoti, nikafukua."

Walikuta mbao zilizovunjika na nguo zilizooza. Ofisa mpya alikuja kutazama. Akasema ni takataka. Habari ya makumbusho na majina hakuwahi kuisikia.

Manase aliendelea kulinda. Alilinda kifusi, wasikilizaji. Kila asubuhi alirudishia miiba. Laurenti aliacha utani, akawa anamletea uji. Siku ya mwisho Manase alimwambia, "Wakija kuichukua, waambie imo ndani."

Bi Elina, Mzee Laurenti, na wote wa Mwankoko, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, kabla hamjazima redio, mfikirieni yule wa kwenu aliyeondoka na hakurudi. Nani anamtaja?

Mimi nilimuuliza Bi Elina tumsomee marehemu salamu gani. Nilikuwa na maneno mazuri tayari. Akanikatiza. "Mwanangu, pole zako nimezisikia. Wewe lisome jina la mtoto. Lisome kwa sauti, wasikie na huko Dar es Salaam."

Fabiano, mwana wa Manase, wa Mwankoko, Singida.

Narudia, kwa ambao hamkusikia vizuri. Fabiano, mwana wa Manase, wa Mwankoko.