Sahani Chini ya Kitanda

Asubuhi ile, ndani ya basi la mji wa Saskatoon, nilikaa nyuma ya watu wawili: msaka vipaji wa hoki ya barafuni na Bi Verna, mama anayewapa chumba wachezaji vijana waliotoka mbali. Msaka vipaji, mwanamume, alipiga miayo, daftari na kalamu mapajani. "Mama, huyu Colby anayekaa kwako ana mbio, ana nguvu. Timu ya kulipwa ataiweza? Nipe habari za nyumbani."

"Za nyumbani? Alivunja sahani, akaficha vipande chini ya kitanda wiki tatu."

"Sahani tu, mama!" Alicheka peke yake. Watu wa hoki hucheka kabla ya kusikia mwisho.

"Na akiumia goti, unadhani atamwambia nani?"

Kalamu ilibaki hewani. "Nikiandika hivyo, hachaguliwi."

"Usipoandika, mtanirudishia akiwa na mikongojo. Nimeshapokea wawili hivyo, baba. Nimechoka." Nilijidai kutazama theluji.

Basi likasimama uwanjani. Mwanamume akainuka taratibu, ukurasa bado mweupe. Bi Verna akamshika mkono wa koti. "Sahani ilikuwa ya marehemu mama yangu. Colby hakuogopa kugombezwa, aliogopa nitalia. Andika na hilo."