Chumba Namba Nne

Benchi letu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa duka la fotokopi, ukitazamana na lango la chuo. Mimi ndiye mwenye birika na vikombe, kwa hiyo mimi ndiye mwenye benchi, ingawa wanaolikalia hujisahau. Kuna Upesi, dalali wa vyumba, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila chumba chake kinatakiwa kuchukuliwa upesi, kabla hujainua macho kutazama dari. Kuna Komeo, fundi wa vitasa na funguo, mwenye kibanda hatua kumi kutoka hapa. Ni mtu wa kujisifu, lakini kazi anaijua. Na kuna Mwaka wa Tatu, kijana mwenye mvi za kuhesabika, aliyeingia mwaka wa tatu wa masomo zamani sana na mpaka leo hajatoka. Asubuhi hiyo nilikuwa na shida yangu mwenyewe, nikawamiminia kahawa ya bure ili walau siku moja vichwa vyao vinifae.

Upesi: Mama Birika, kahawa ya bure? Umeshinda bahati nasibu au unaumwa?

Mimi: Leo hamlipi. Leo mtafikiri.

Komeo: Hiyo ni ghali zaidi.

Mimi: Sikilizeni. Mtoto wa dada yangu anaingia leo na basi la asubuhi. Kesho wanaandikishwa chuoni, kozi ya uuguzi. Wazazi wake wamemruhusu shingo upande. Dada yangu kaniambia wazi: basi linageuza saa kumi. Kabla ya saa kumi nimpigie yeye, nimwambie kwamba binti amepata chumba salama, cha bei tunayoiweza. Nisipomwambia, binti anapanda basi hilo hilo, anarudi nyumbani, na habari ya chuo imekwisha.

Mwaka wa Tatu: Kwani kwako hawezi kukaa?

Mimi: Kwangu tunalala wanne chumba kimoja. Wa tano nimlaze wapi, ndani ya birika?

Walicheka, na mimi nikacheka nao kwa juu juu tu. Mimi nilirudishwa nyumbani nikiwa na umri wa huyu binti, kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa chumba cha kueleweka, na daftari sikulishika tena. Hilo sikuwaambia. Wale ukiwapa siri moja wanairudisha ikiwa hadithi tatu. Nilichotaka kwao ni chumba tu.

Upesi: Umefika penyewe. Ninavyo vitatu. Kuna cha ghorofani, karibu na benki. Sakafu ya vigae, mlinzi getini...

Mimi: Bei?

Upesi akanitajia.

Mimi: Ruka hicho.

Upesi: Kuna cha nyuma ya kiwanda cha mbao. Bei ya kutupa.

Mwaka wa Tatu: Nilikaa kule. Njia nzima haina taa. Nilikuwa nikitoka maktaba nakimbia mpaka mlangoni. Ni mwaka pekee niliopungua tumbo.

Mimi: Ruka na hicho.

Upesi: Basi kimebaki chumba namba nne, nyumba ya yule mzee mshona suti. Kutoka langoni ni dakika tano kwa miguu, tena barabara ya watu. Dirisha lina nondo. Bomba liko uani. Choo kinafungwa kwa ndani. Bei ya mwanafunzi kabisa. Ila...

Komeo: Haya, sema.

Upesi: Ila kichukuliwe upesi.

Mimi: Ni salama?

Hapo nilijitafutia balaa. Ningewauliza njia ya kwenda hospitali, wangeninyooshea kidole basi. Lakini usalama? Kila mtu kwenye benchi lile ni profesa wa usalama.

Upesi: Usalama wa nyumba ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba anayelala fofofo, mkimbie. Huyu mzee ana kikohozi cha miaka minane, hajui usingizi ni kitu gani. Mwizi akisikia kikohozi anajua kuna mtu macho.

Mimi: Na akipona?

Upesi: Hatapona. Nilishauliza.

Mwaka wa Tatu: Hayo si mambo ya kitaalamu. Mimi nimefanya utafiti.

Mimi: Ule wa mwaka wa tatu?

Mwaka wa Tatu: Ule ule, unaendelea. Nimegundua kwamba mwizi hakitazami chumba, anatazama kamba ya nguo. Akiona magauni matupu, anajua hapa anaishi msichana peke yake. Kwa hiyo binti anike mashati ya mwanamume. Makubwa. Na nje ya mlango aweke viatu, namba arobaini na sita.

Komeo: Hivyo viatu vitaibiwa.

Mwaka wa Tatu: Umeona sasa? Vikiibiwa, atajua kwamba mwizi kafika.

Upesi: Viatu havitoshi. Apange vyumba viwili, alale kimoja. Mwizi asijue yuko kipi.

Mimi: Wewe, kimoja chenyewe kinatutoa jasho!

Upesi: Basi ahamishe kitanda. Leo huku, kesho kule. Mwizi anachukia kubahatisha.

Mwaka wa Tatu: Au akorome. Nina mjomba wangu anakoroma mpaka mabati yanaitikia. Nitamrekodi kwenye simu, binti awe anaiwasha anapolala.

Mimi: Halafu yeye mwenyewe alale saa ngapi?

Mwaka wa Tatu: Hapo utafiti haujafika.

Komeo muda wote huo alikuwa anapuliza kahawa yake taratibu kama mtu aliyeitwa kutoa hukumu. Alipoona wenzake wamekauka, akakiweka kikombe chini.

Komeo: Mmemaliza? Haya, tuongee sasa kama watu wazima. Chumba ni mlango, na mlango ni kitasa. Mengine yote ni porojo. Kile kitasa cha namba nne ni chuma cha zamani, siyo hivi vya siku hizi vinavyofunguka kwa kijiko. Huwezi kukichokonoa kwa waya. Zamani, kabla sijawahi kuuchonga ufunguo wake, mpangaji mmoja alijifungia nje, nikahangaika nacho saa nzima, mimi fundi! Mwishowe tukapitia darini.

Mimi: Kwa hiyo unakiamini?

Komeo: Mama Birika, ufunguo wa namba nne naujua jino kwa jino. Niletee chuma kitupu, nifunge macho kwa kitambaa, nitakuchongea hapa hapa na utafungua mlango. Sihitaji hata wa kuigizia.

Nasema ukweli, roho ilinitulia kwatu. Niliona nimepata mtu anayekijua chumba ndani nje. Upesi alikigonga kikombe chake kwenye benchi kuonyesha biashara imekwisha, Mwaka wa Tatu akapiga makofi, na mimi nikamwongezea Komeo kahawa mpaka ikamwagikia kwenye kisahani. Nikatoa simu kumpigia dada. Kabla sijabonyeza, nikasikia sauti nyuma yangu.

— Mama mdogo, shikamoo.

Alikuwa yeye. Begi mgongoni, godoro lililokunjwa chini ya kwapa, na ndoo mpya yenye sahani na sufuria ndani yake. Vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye kope. Nilimkumbatia pamoja na godoro lake. Akawaamkia na wale wazee wangu, hata Mwaka wa Tatu akapewa shikamoo yake, akaitikia kwa uchungu. Nikamkalisha, nikampa maji, nikamweleza habari njema: chumba kipo, kizuri, karibu, bei yetu.

Yeye hakushangilia. Aliyanywa maji yote kwanza.

Binti: Choo tunatumia watu wangapi?

Upesi: Watano na wewe, mzee ana chake. Kinafungwa kwa ndani.

Binti: Maji yanatoka kila siku?

Upesi: Kila siku. Yakikatika kuna pipa.

Binti: Majirani?

Upesi: Namba moja muuguzi, akienda kazini anapita chuoni, mtakwenda naye na kurudi. Namba mbili mwalimu na mke wake. Namba tatu mama mmoja wa mboga.

Binti: Vizuri. Na mlango?

Upesi: Hapo mwulize mwenyewe.

Komeo akajikohoza, akarudia hotuba yake yote, chuma cha zamani, saa nzima, kupitia darini, na kuchonga akiwa amefungwa kitambaa. Binti alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata.

Binti: Baba, samahani. Ufunguo huo umeujuaje vizuri hivyo?

Komeo: Kwa kuuchonga, binti yangu! Kila anayepanga namba nne, siku ya kwanza tu anakuja kwangu nimtolee wa akiba. Wengine huchukua mbili. Mwingine anampa na mchumba wake.

Binti: Na wakihama?

Komeo: Wanarudisha ufunguo kwa mzee.

Binti: Wanarudisha upi?

Komeo akakizungusha kikombe chake kwenye kisahani.

Binti: Kitasa hakijawahi kubadilishwa?

Komeo: Kwa nini kibadilishwe? Ni kizima.

Binti: Kwa hiyo leo, mimi nikiingia mle ndani nikafunga mlango, ni watu wangapi huko nje wanaweza kuufungua?

Nilisikia mashine ya fotokopi ikimeza karatasi. Komeo alianza kuhesabu kwa vidole, mkono wa kulia ukaisha, akaingia wa kushoto, ukaisha na huo, akabaki ameitazama mikono yake. Miaka yote hiyo namba nne ikibadilisha wapangaji, na sisi watu wazima tumekaa hapa tukisifia chuma.

Upesi ndiye wa kwanza kusogea. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa shada la funguo, akauchambua mmoja polepole.

Upesi: Mimi... mimi ninao huu. Wa kuonyeshea wateja.

Mwaka wa Tatu: Jamani.

Mimi: Nini tena?

Mwaka wa Tatu: Mimi niliwahi kukaa namba nne. Miezi saba, kabla ya kule kiwandani.

Akachomoa funguo zake, na kweli, ulikuwepo, umechakaa pembe moja.

Mwaka wa Tatu: Sikuuweka kwa ubaya. Nafungulia soda.

Komeo aliuchukua, akaugeuza kwenye mwanga. Kwa kitambo kidogo nikaona anataka kujisifu, kwamba ndiyo kazi ya mkono wake ile, miaka yote haijapinda. Halafu akamtazama binti na godoro lake, uso ukambadilika. Akauweka ufunguo ule kwenye benchi. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimkasirikia yeye, na Upesi, na Mwaka wa Tatu, na zaidi nilijikasirikia mimi niliyekuwa na simu mkononi tayari kumwambia dada yangu kwamba mtoto wake atalala salama.

Upesi: Basi tukiache. Twende cha ghorofani, nitazungumza nao bei...

Binti: Hapana. Nitachukua namba nne.

Mimi: Mwanangu!

Binti: Mama mdogo, karibu na chuo, maji yapo, jirani ni muuguzi. Nikatafute wapi pengine kabla ya saa kumi? Kibovu ni kitasa tu. Kitasa kinang'olewa.

Upesi: Mzee hatakubali. Wapangaji wote hao, hakuna aliyewahi kumwomba hilo.

Binti: Basi mimi nitakuwa wa kwanza. Nipeleke kwake.

Upesi: Atauliza nani analipia.

Binti: Mimi nitalipia kitasa. Yeye ataandika kwenye mkataba kwamba kimewekwa kipya, tarehe ya leo, na kwamba haingii mtu bila kuniambia. Asipoandika, simpi kodi.

Upesi akauona uso wa binti, akasimama akajifuta suruali. Upesi ninayemjua mimi hasimami kwa ajili ya mtu asiyelipa kwanza. Komeo naye alikuwa ameshafika kibandani. Alirudi na mfuko wa zana begani na kitasa kipya ndani ya boksi lake, plastiki haijachanwa.

Komeo: Kazi ya mkono hulipi. Utalipia chuma tu.

Binti: Asante, baba. Na funguo zilizomo humo?

Komeo: Tatu.

Binti: Nipe zote sasa hivi, kabla hujakifunga.

Komeo: Binti, lazima nijaribishe.

Binti: Utajaribisha na mimi nimesimama hapo hapo. Ukimaliza nazichukua. Mmoja wangu, mmoja wa akiba atakuwa nao mama mdogo, wa tatu nitajua mwenyewe. Na huu mpya, baba, usiuweke kichwani.

Komeo akampa boksi lenyewe, na plastiki yake.

Komeo: Sitautazama.

Hakuna aliyecheka. Mwaka wa Tatu alichukua godoro, hakuambiwa, akaliweka kichwani. Mimi nilikuwa nimeshika ile ndoo ya sahani, macho yamenijaa maji na sijui nisingizie vumbi gani, maana siku ile niliporudishwa nyumbani, mimi sikuuliza swali hata moja. Niliambiwa panda basi, nikapanda.

Simu ikalia mkononi mwangu. Dada. Nilijua anachotaka, neno moja tu, na neno hilo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ningelisema, angepumua, mumewe angepumua, na binti angebaki. Nikalimeza.

— Zungumza naye mwenyewe, nikamwambia binti.

Akaipokea huku ameanza kutembea, Upesi mbele yake, Komeo pembeni na mfuko wa zana. Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia dada yangu kule upande wa pili, sauti ya mtu ambaye hajalala: chumba umepata? Ni salama?

— Nimepata, mama. Salama bado. Ndiyo tunakwenda kukifanya kiwe salama. Nikishafunga mlango kwa ndani nitakupigia.