Sabuni ya Harufu ya Mvua

Macho hayana pazia, na masikio ya Mwanatumu ndiyo hayana kabisa. Kwenye kiti cha mbele yake, ndani ya basi la kwenda Ndithini, msichana alikuwa amemkabidhi mzee asiyemjua kipande cha sabuni yenye mistari myekundu kama shamba lililolimwa.

“Natengeneza mwenyewe, mzee. Hii ndiyo nataka kufungulia biashara. Iko na harufu ya mvua ya kwanza.”

Mzee alinusa, akafumba macho, akanusa tena. “Huku kwetu usiuze! Watu watapanda mbegu bure.”

“Basi nitauza mjini.”

“Mjini nani anangojea mvua?”

Basi likasimama, sabuni ikiwa bado puani pa mzee. Mwanatumu akachungulia nje. Hakukuwa na wingu hata la dawa. Akampigia bintiye simu: “Anua nguo.”