Rauta Imekula Bip

Jioni hiyo Docus alikuta benchi yake ya kahawa imeshajaa kabla birika halijachemka, maana hapa Bwera mpakani mtu akikosa wateja hakosi pa kukalia. Alikuwepo Kambale, fundi simu, ambaye hata mkewe humwita Waya. Alikuwepo Afande Okello, aliyeacha jeshi zamani, ila jeshi ndilo lilikataa kumtoka mdomoni. Na pembeni kabisa alikaa mzee Yeseri, mbadilisha pesa, simu ameilaza kifudifudi pajani. Mafundi kutoka Kasese walikuwa wamefunga rauta mpya kwenye mnara kule juu, ile mashine inayoionyesha kila simu na kila intaneti pa kupita. Tangu siku hiyo simu ya Yeseri haikulia jioni. Binti yake Blandine, muuza vitenge kule Beni, upande wa Congo, alikuwa na desturi: jua likizama anambipu baba yake mara mbili, anakata. Maana yake, niko mzima. Senti haitoki, moyo wa mzee unatulia.

— Rauta imekula bip, akasema Waya. Fundi mwenyewe alinielezea. Hii mpya inapanga foleni. Simu ya daktari inatangulia, video ya wakubwa inatangulia. Sasa bip iko nini? Iko mutu bila viatu mbele ya ofisi. Inaambiwa ngoja pale.

— Ngoja mpaka lini? Yeseri akauliza.

— Mpaka foleni iishe. Mvumilivu hula mbivu, mzee.

— Bip haiivi, Waya.

Wakacheka. Yeseri naye alicheka, halafu akaona aibu kwa kucheka.

— Hapana! Afande akajipiga goti. Nyinyi raia hamujui kitu! Mafundi hawakusema hiyo mashine inapunguza umeme? Jioni ikiona watu iko kidogo, inafunga macho upande moja. Sentri amelala kwa lindo! Sisi sentri kama huyo tulikuwa tunamwagia maji.

— Umwagie rauta maji?

— Maji baridi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Rauta haina guu, Afande, akasema Docus huku akipuliza makaa. Na bip ya dada yangu ya Bugoye inafika tu. Hata jana alinibipu.

Docus akatamani maneno yake yarudi kinywani, lakini yalishatoka. Yeseri alikuwa ameyasikia.

— Bugoye! Waya akaruka upesi. Bugoye iko hapahapa! Shida ni ya ng'ambo. Hii mpya, njia moja ikikatika, inajitafutia ingine bila kuuliza mutu. Bip ya Blandine inatoka Beni, inashuka Kinshasa, inavuka bahari, inazunguka Ulaya yote inatafuta mlango. Iko inakuja, mzee. Iko kwa njia.

— Na kama iko njia mbili, inachagua ile fupi, Afande akaongeza. Na njia ya mwongo ni fupi! Basi mashine ya kuchagua njia fupi iko nini, kama si mwongo?

Yeseri aliyapenda maneno yao yote. Alijua ni upuuzi mtupu, lakini aliushika kwa mikono miwili. Siku ileile rauta ilipofungwa, malori ya mbao yalirudi kutoka Beni matupu, na madereva walipoulizwa habari za barabara walisema tu, tuacheni tufike nyumbani kwanza. Hilo hakuna aliyeligusa pale benchini.

Mwanamke mmoja mgeni, Alisi, alikuwa amesimama na kikombe chake akisubiri boda. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani, baba. Simu yako iko na eataimu ya kupiga?

— Iko.

— Sasa wewe ulimupigia, ukamukosa?

Waya akatazama mnara. Afande akatazama viatu vyake.

Yeseri hakuwa amempigia hata mara moja. Akipiga, itaita au haitaita, na baada ya hapo hakutakuwa tena na rauta ya kulaumu. Aliogopa, mzee mzima.

Akaigeuza simu. Jina la Blandine lilikuwa juu kabisa. Kidole kikasimama hapo.

— Wacha kwanza, mzee, akasema Afande, na sauti yote ya amri ilikuwa imemtoka. Wacha mashine iamke.

— Eeh, Waya akadakia. Foleni bado ndefu.

Docus akainamisha birika juu ya kikombe cha Yeseri. Yakatoka machicha matupu. Kahawa imekwisha, akasema, lakini hakuna aliyeinuka. Yeseri akairudisha simu kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo hata ikitetemeka kidogo ataisikia.