Fundi Cheche, Aliyedhaniwa Kupigwa Shoti

Marehemu Fundi Cheche alizaliwa tarehe 3 Mei 1961, kitinda mimba wa kwanza kabla mdogo wake hajaja kumpokonya cheo. Alitanguliza miguu, na mama yake alizoea kusema mtoto huyo alikuja amesimama, tayari kwa kazi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975. Masomo hayakumpenda, naye hakuyabembeleza. Mjomba wake alimchukua karakanani kujifunza kuchomelea vyuma, na baada ya miaka mitatu alikuwa akitengeneza mageti peke yake. Jina la Cheche alilipata huko, alipounguza shati la mteja aliyesogea mno kutazama.

Tarehe 15 Agosti 1987 alimwoa mwalimu wa chekechea. Siku ya harusi macho yake yalikuwa mekundu kwa mwanga wa kuchomelea. Wakwe walidhani analia kwa furaha, naye akawaacha wadhani hivyo. Walijaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Machi 2023 alianguka karakanani. Wenzake walisema kapigwa shoti, wakabadilisha waya. Alipoanguka tena wakabadilisha plagi, na mkewe akamnunulia viatu vya soli nene ya mpira. Kisha Jumapili moja alianguka sebuleni kwake, umeme wa mtaa mzima ukiwa umekatika. Hapo mkewe aliogopa kweli.

Daktari alieleza kwamba moyo una umeme wake unaouamrisha kupiga, na wa Fundi ulikuwa haufiki vyumba vya chini. Mapigo yalikuwa machache mno. Alihitaji kuwekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, kiusukume moyo upige.

"Ila mashine ya kuchomelea uiache, mzee," daktari alisema. "Inaweza kukivuruga."

"Nikiiacha, asubuhi nitaamkia wapi?"

"Utaamka," mkewe alimjibu. "Mimi nataka hilo tu."

Aliomba muda wa kufikiri. Chelewa chelewa, wahenga walikwisha sema. Muda huo ukawa miezi mitano. Alifanya kazi ameketi, maana akisimama kizunguzungu kilimshika. Tarehe 2 Februari 2024 alikubali. Alimkabidhi mdogo wake mashine, akarudi nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Basi, mama watoto," alisema, "nitakaa hapa nikuchoshe."

Mkewe alicheka, na siku nyingi alikuwa hajacheka. Upasuaji ulipangwa Alhamisi tarehe 8. Jumanne tarehe 6, alfajiri, mkewe alimwamsha asiamke. Uchungu wa siku mbili hizo haujapata jina katika nyumba ile.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mdogo wake, ambaye mashine hiyo hajathubutu kuiwasha. Mjane ameomba neno lake lisomwe kama alivyolisema: "Kwenu akiwepo mgonjwa anayeomba muda wa kufikiri, msimpe. Mimi nilimpa."

Alale salama, na kazi aliyoshindwa kuiacha sasa imwache apumzike.