Mtungi wa Mwisho wa Bi Mitungi

Wasikilizaji wapendwa, leo nasoma kwenye karatasi, nisije nikaruka jambo. Tunamkumbuka mama aliyetengeneza kombucha, ile chai ya kuchachusha. Wengi mlimwita Bi Mitungi. Alifariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Narudia: moyo. Yapo maneno mitaani kwamba aliuawa na kinywaji chake. Binti yake amenionyesha barua ya daktari. Moyo ulimsumbua tangu usichana.

Alikuwa mtunza maabara wa shule. Alipostaafu, alipanga mitungi minane ya kioo jikoni. Chai, sukari, ule utando mzito unaoteleza, kitambaa safi juu yake. Kila mtungi na tarehe yake. Watu waliuita utando ule uyoga. Naye hakuchoka kueleza: si uyoga, ni bakteria na chachu wanaoishi pamoja. Walisema kombucha haina sukari. Aliwaambia sukari nyingine hubaki. Walisema haina kileo hata chembe. Aliwaambia kidogo kimo, na mjamzito aulize kliniki kwanza.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Mdogo wake, seremala, ana kisukari. Mwaka juzi alisikia kwamba kombucha inamaliza kisukari. Alisikia wapi? Alisikia hapa redioni, katika kipindi hiki changu. Msikilizaji mmoja alipiga simu akasema hivyo. Mimi nikacheka, nikamshukuru, nikaweka muziki.

Seremala akaacha vidonge. Hakumwambia mtu. Kila siku alichukua chupa mbili kwa dada yake, na dada akadhani anawapelekea mafundi wenzake. Asubuhi moja dada akapita karakana. Mlango wazi, randa juu ya ubao, kimya. Alimkuta ameketi chini, midomo imekauka, anamwita dada yake kwa jina la mama yao. Ndani ya mfuko wa misumari, paketi za vidonge hazijafunguliwa.

Alilazwa siku nne. Dada hakumgombeza. Seremala anakumbuka neno moja tu, siku ya tatu:

"Nikikuzika kwa chai yangu mwenyewe, ile mitungi nitaitazamaje?"

Alipona. Tangu hapo Bi Mitungi hakutoa chupa mpaka mteja asome lebo kwa sauti: "Hiki ni kinywaji. Si dawa. Endelea na dawa zako." Walimtania kwamba kwake huchukui chupa, unakula kiapo. Alicheka nao, kisha akasema, haya, soma.

Hata mimi nilisoma. Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi umeshaniambia. Rudi ukawaambie na wale waliokusikia."

Sikuwaambia. Niliona aibu. Nikasema wiki ijayo, halafu wiki ijayo. Miaka miwili, wasikilizaji wapendwa. Sijui ni nani mwingine aliyesikia siku ile. Hilo ndilo linaloninyima raha. Basi nasema leo: kombucha haiponyi kisukari. Narudia: haiponyi kisukari.

Baada ya mazishi, binti yake alikuta jikoni umebaki mtungi mmoja. Juu ya utando palikuwa na ukungu wa kijani, wenye manyoya. Jirani akashauri wakwangue tu, wabaki na ukumbusho wa marehemu. Binti akamgeukia seremala.

"Mjomba, ndio wa mwisho."

Seremala aliubeba mpaka kwenye sinki. Akamwaga vyote, chai na utando. Akaosha mtungi kwa maji ya moto, akaufudikiza. Dada yake alimfundisha hivyo: ukungu ukiota, haukwanguliwi, unamwaga. "Ningekwangua," aliniambia, "angefufuka anichape."

Kwa binti, kwa seremala, kwa wote waliosoma lebo ile: poleni sana. Namshukuru Bi Mitungi kwa uvumilivu wake, hata kwangu.

Nyumbani kwako, nani ameacha dawa kimyakimya kwa sababu ya jambo alilosikia? Labda alilisikia kwangu. Leo siweki muziki. Nanyamaza dakika moja. Inuka, kamuulize.