Daraja Linalovunjika

Msusi aliketi nyuma ya wanawake wawili kwenye treni ya jioni, akajifanya kasinzia. Macho hufumbwa, masikio hayana kifuniko.

"Mama mkwe wangu siku hizi anacheza gemu ya mwanangu," fundi cherehani alimwambia muuguzi aliyekaa naye. "Kuna daraja linalovunjika. Kila akilikanyaga, anatumbukia. Jana aliitupa rimoti, akaitukana, kisha akaiokota akaanza upya."

"Si umwekee kiwango rahisi, dada?"

"Nilitaka. Akaniuliza, 'Mkwe wangu, nimekuomba unibebe?'"

Msusi aliuma mdomo asicheke.

"Hasira zitampandisha presha," muuguzi alionya. "Mchezo ni wa kufurahisha, si wa kujitesa."

"Tangu baba mkwe afariki, alikuwa halii wala hagombi. Ukimkosea, kimya. Ukimpa chai, kimya. Jana niliposikia matusi yale sebuleni, nilijifungia jikoni nikalia kwa furaha."

"Sawa, lakini presha..."

Treni ikasimama. Fundi aliinuka, akamwonyesha muuguzi pakiti ya betri mpya mkobani.

"Hizi zake. Za zamani zimechoka. Yeye bado."